Engaruka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vijiji na Mashamba ya Kale

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kuhusu Engaruka: kutoka kwa wanafunzi, kwa wageni wanaopita kuelekea Ziwa Natron, na kwa wakulima wa kijiji cha Engaruka Juu ambao majembe yao hugonga kuta za mawe za kale kila msimu. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale ya mtu aliyekwisha kufika. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile linalohusu udongo.

## Ya msingi

Engaruka ni nini, na iko wapi?

Ni mabaki ya vijiji na mashamba ya umwagiliaji yaliyoachwa, chini ya ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Monduli, mkoani Arusha. Kusini kuna Ziwa Manyara, kaskazini kuna mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron, na juu kabisa kuna nyanda za Ngorongoro zinakotoka mito inayoshuka hapo.

Kuna sehemu mbili, na wengi huiona moja tu. Ya kwanza ni vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko, juu ya vibaraza vya mawe. Ya pili ni mashamba yaliyo bondeni, yenye ukubwa wa takriban hekta 2,000, yaliyogawanywa kwa kuta fupi za mawe na kuunganishwa kwa mifereji. Mgeni hupanda vijijini, hupiga picha, akaondoka. Lakini kitu kikubwa kiko bondeni, pale alipoegesha gari.

Je, ni mji uliopotea?

Hapana, si mji na wala haukupotea. Jina hilo la "mji uliopotea" limebandikwa na wageni. Wenyeji walijua siku zote kwamba mawe yapo na kwamba yalipangwa na watu. Hapakuwa na ikulu, msikiti mkubwa wala soko la mawe kama Kilwa. Palikuwa na wakulima, na kazi yao ndiyo inayopafanya pastahili heshima.

Mahali hapa pana umri gani?

Watu waliishi na kulima hapa kuanzia karne ya 14 au ya 15 hadi karne ya 18. Kwa kulinganisha, Wareno walipoishambulia Kilwa mwaka 1505, mifereji ya Engaruka ilikuwa tayari inapeleka maji shambani. Namna tarehe hizo zilivyopatikana imeelezwa katika sehemu ya uchimbaji.

Ni sahihi kupaita pa "zama za kati"?

Neno hilo lilitungwa kwa ajili ya historia ya Ulaya, na halikai vizuri hapa. Mimi hutaja karne tu. Hata hivyo, ukilikuta katika maandishi kuhusu Engaruka, linamaanisha mwanzo wa makazi haya, si mwisho wake.

## Mashamba, maji na udongo

Mbona shamba limejaa mawe? Si yangewazuia kulima?

Mawe ya volkano yalikuwapo kabla ya watu, yameporomoka kutoka mteremkoni na kuletwa na mafuriko. Mkulima wa Engaruka hakuwa na mahali pa kuyatupa, kwa hiyo aliyatumia. Mengine yakawa kuta za kutenga jaruba na jaruba, mengine kingo za mifereji, na yaliyobaki yakarundikwa mahali pamoja ili jembe lipite. Zote ni kuta kavu: jiwe juu ya jiwe, bila saruji na bila udongo wa kushikilia. Nyingine zimesimama mpaka leo.

Aliyewahi kulima mpunga Mbeya au Morogoro ataelewa mara moja akiyaona mashamba haya. Ni majaruba, ila tuta lake ni la mawe, na zao lake halikuwa mpunga.

Maji yalifikaje shambani?

Mvua ya Engaruka haifiki milimita 500 kwa mwaka, na haina uhakika. Kulima kwa kungoja mbingu hapa ni kucheza bahati nasibu na njaa. Lakini nyanda za juu zinapata mvua nyingi na ukungu, na maji yake hushuka kwa mito midogo inayotoka kwenye makorongo ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Wakulima waliyachukua maji pale pale mto unapotoka korongoni, mahali pa juu kuliko mashamba yote. Kutoka hapo mfereji mkuu ulitambaa ukifuata usawa wa ardhi, ukishuka polepole mno, kwa sababu ukishuka haraka maji yanakata kingo, na ukilala sana yanatuama na kujaza tope. Palipokuwa na bonde dogo la kuvuka, walijenga tuta la mawe na kupitisha mfereji juu yake. Kisha mfereji mkuu ukagawanyika kuwa midogo, na midogo ikamwaga maji katika jaruba la juu, likijaa linamwagia la chini yake.

Hakuna aliyekuwa na kipimia usawa cha fundi. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa kipimo: unachimba hatua chache, unayaruhusu yapite, unatazama yanavyokwenda, unarekebisha. Wachaga walio na mifongo, yaani mifereji yao ya kumwagilia, na Wamarakwet wa Kenya walio na mifereji kwenye ukuta wa Bonde la Kerio wanaijua kazi hii mpaka leo.

Leo Mto Engaruka ndio unaotiririka mwaka mzima. Mashamba ya kale lakini yanaenea mbali kuelekea kusini, kando ya vijito ambavyo sasa ni vikavu sehemu kubwa ya mwaka. Shikilia jambo hilo. Tutalihitaji tutakapofika kwenye swali la kuondoka.

Nimesikia kwamba udongo wenyewe ulitengenezwa na watu. Inawezekanaje?

Inawezekana, na kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyogunduliwa Engaruka.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba wakulima walikuta udongo mzuri, wakaupanga kwa kuta. Uchimbaji wa karibuni, hasa ule wa Daryl Stump na Carol Lang wa Chuo Kikuu cha York, ulikata mitaro kupitia mashamba na kutazama ukuta wa udongo kama mtu anavyotazama keki iliyokatwa. Walichokiona katika sehemu kadhaa ni tabaka juu ya tabaka za mchanga na tope lililoletwa na maji, na kuta za mawe zilizopandishwa kidogo kidogo kadiri tope lilivyopanda.

Yaani kazi ilikwenda hivi. Wakulima walipanga mstari wa mawe kukingama mteremko. Wakaelekeza hapo maji ya mto yaliyobeba udongo kutoka juu. Maji yakigonga mawe yanapoteza kasi, na maji yasiyo na kasi hayawezi kubeba mzigo, yanautua. Msimu ukiisha kuna unene mdogo wa udongo mpya nyuma ya mawe. Mwaka unaofuata wanaongeza jiwe, wanarudia. Baada ya muda, mahali palipokuwa na changarawe na miamba pana jaruba tambarare lenye udongo wa kina, unaoshika maji na kupokea mbegu.

Mmomonyoko ambao maofisa kilimo wa leo wanauogopa, wao waliugeuza kuwa mfanyakazi. Udongo uliokuwa unapotea kutoka nyanda za juu uliishia mikononi mwao. Na kwa kuwa jaruba moja lilihitaji misimu mingi, aliyeanza kupanga mawe alijua huenda mwanawe ndiye atakayevuna vizuri.

Ndiyo maana inauma kusikia mashamba haya yakiitwa "magofu". Gofu ni nyumba iliyobomoka. Haya ni ardhi iliyojengwa.

Walilima nini?

Mtama. Mbegu zake zilizoungua zimepatikana katika uchimbaji, na mbegu iliyoungua hudumu kwa sababu haiozi wala hailiwi na wadudu. Kama kulikuwa na mboga za majani au mazao ya mizizi, si rahisi yaache alama kama hiyo, kwa hiyo ukimya wa udongo kuhusu mchicha si ushahidi kwamba hawakula mchicha. Mahindi yanayostawi leo Engaruka Juu ni zao la Amerika, lililoletwa Afrika baada ya safari za Wareno.

Walifuga pia?

Ndiyo. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo imechimbuliwa, na kuna maboma madogo ya mawe katikati ya mashamba. Watafiti wengi wanaona kwamba mifugo ilifungiwa na kulishwa, na samadi yake ikarudishwa shambani. Hilo linaingia akilini: hekta 2,000 za majaruba si mahali pa kuachia ng'ombe watembee wapendavyo.

Yale marundo makubwa ya mawe ni makaburi?

Kila mgeni huuliza, na Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa mambo ya kale, mwenyewe alifikiri hivyo alipopita. Marundo yaliyochimbwa yameonyesha kuwa ni mawe yaliyoondolewa shambani na kupangwa vizuri, mara nyingi kwa ukingo wa mawe makubwa nje na madogo kujazwa ndani. Upangaji ule nadhifu ndio uliodanganya macho. Mkulima mwenye nafasi ndogo hana budi kurundika mawe wima.

## Vijiji

Nyumba zilikuwaje?

Zilikuwa za miti na nyasi. Zilizobaki ni sakafu zake. Mteremko ulikatwa, mbele ukajengwa ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na juu yake ikapatikana sehemu tambarare ya kutosha nyumba. Vijia vyenye kingo za mawe vilipita kati ya kibaraza na kibaraza. Ndani ya vibaraza hupatikana majivu, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, na mara chache shanga na kauri. Kauri ni ganda la baharini, kwa hiyo kulikuwa na mkono uliofika pwani, hata kama ulipitia mikono mingi.

Waliishi mteremkoni kwa sababu iliyo wazi kwa mkulima yeyote: huwezi kulalia udongo unaoweza kukulisha.

Waliishi watu wangapi?

Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikadiria watu 30,000 hadi 40,000. Idadi hiyo bado inazunguka mitandaoni, na si ya kutegemea. Alihesabu vibaraza kana kwamba vyote vilikaliwa siku moja, wakati makazi haya yalidumu zaidi ya miaka 300 na familia zilihama kutoka kibaraza hadi kibaraza. Watafiti waliomfuata waliishusha sana, wengi wakizungumzia maelfu machache.

Kosa hilo hilo hufanywa kwa mashamba: hekta 2,000 hazikulimwa zote msimu mmoja. Baadhi ya kuta zimejengwa juu ya mifereji iliyokwisha fukiwa, ishara kwamba mashamba yalihama na kupangwa upya mara nyingi.

## Watu wenyewe

Walikuwa akina nani? Ni kweli walitoka nje ya Afrika?

Si kweli. Hakuna kigae, mfupa wala jiwe linaloelekeza nje. Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo mwaka 1883, aliyalinganisha mawe hayo na kuta za ngome za kale, na mawazo ya namna hiyo ndiyo yaliyolisha hadithi za taifa la ajabu lililotoweka. Ilikuwa desturi ya wakati ule: Mwafrika akionekana amejenga kwa mawe, anatafutiwa fundi wa nje.

Ukitaka kuona ndugu wa kazi hii, nenda kwa Wasonjo, wanaojiita Batemi, kaskazini mwa hapo. Vijiji vyao vinategemea mifereji, na maji yao yamekuwa yakigawanywa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Wengine hutazama kusini kwa Wairaqw, mabingwa wa kilimo cha nguvu nyingi na samadi. Watu wanaoondoka mahali hawafi kwa kuondoka, na huenda damu ya Engaruka imo katika zaidi ya kabila moja la kaskazini mwa Tanzania.

Kwa nini waliondoka? Wamasai waliwafukuza?

Jibu la "Wamasai waliwafukuza" ni jepesi mno. Ni kweli kuenea kwa Wamasai kulibadilisha eneo lote. Wadatoga waliokuwa nyanda za Ngorongoro walisukumwa kusini. Majirani wapya wenye mifugo mingi walihitaji maji na malisho yale yale, na hilo halikukosa kuleta shinikizo.

Lakini rudi kwenye vijito vikavu vya kusini. Mfumo ulioenea kando ya mito kadhaa na kubaki na mmoja umepoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Kukauka kunaweza kuletwa na mvua kupungua au misitu ya nyanda za juu kufyekwa na kuchomwa. Tope la ziwa lililo ndani ya kreta ya Empakaai, juu ya Engaruka, limechunguzwa, na linaonyesha vipindi vya ukame na vya mvua vikipishana. Watu wa Engaruka waliwahi kuishi na ukame kabla ya kuondoka, kwa hiyo ukame peke yake nao hautoshi kuwa sababu.

Msimamo wangu: maji yalipungua, amani ikapungua, na kazi ya kutunza kuta na mifereji haingojei. Mfereji unataka watu wengi kila mwaka. Familia kumi zikihama, waliobaki wanabeba mzigo wa zilizoondoka, na mwaka unaofuata zinahama ishirini.

Basi mfumo ulishindwa?

Uliwalisha watu kwa miaka zaidi ya 300. Si miradi yote ya umwagiliaji ya karne ya 20 iliyofika hata 50. Kuacha shamba hakumaanishi lilikuwa baya.

## Uchimbaji na tarehe

Nani wamechimba Engaruka?

Hans Reck aliyaona magofu mwaka 1913. Leakey alifanya uchunguzi mfupi 1935. Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale nchini, alichimba 1964 na 1966. John Sutton ndiye aliyegeuza macho ya wote kutoka nyumba kwenda mashamba, na Peter Robertshaw akachimba 1982. Kazi ya udongo ya karne hii imetajwa juu, katika jibu la udongo.

Mtu anajuaje umri wa shamba lisilo na maandishi?

Kwa mkaa, zaidi. Mti ukiwa hai huingiza kaboni ya mnururisho, ukifa kaboni hiyo hupungua kwa kasi inayojulikana, na maabara hupima iliyobaki. Mkaa wa jikoni au mbegu ya mtama iliyoungua hutoa tarehe ya tabaka ilimokutwa.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: mkaa unaweza kuwa umesombwa na maji kutoka juu na kutulia shambani, ukawa mkongwe kuliko shamba lenyewe, na Engaruka sehemu kadhaa za mashamba ni udongo uliosombwa na maji. Wa pili: kuanzia karibu mwaka 1650, kiasi cha kaboni hiyo angani kiliyumba, hivyo sampuli ya 1680 na ya 1800 zinaweza kusomeka karibu sawa. Ndiyo sababu mwanzo wa Engaruka una tarehe bora kuliko mwisho wake.

Kuna mahali pengine kama hapa?

Wapo Nyanga nchini Zimbabwe na Bokoni huko Mpumalanga, Afrika Kusini, wenye matuta ya mawe yaliyoachwa. Konso, Ethiopia, matuta bado yanalimwa, na yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Huko Uingereza kuna Wharram Percy, kijiji cha Yorkshire kilichochimbwa kuanzia 1950 hadi 1990. Watu walipenda kusema kiliuawa na tauni ya karne ya 14, lakini wakazi wake wa mwisho waliondolewa karibu mwaka 1500 ili ardhi iwe malisho ya kondoo. Huko nako sababu moja iliyopendwa na wengi haikusimama.

## Kwa anayekwenda, na kwa anayeishi hapo

Nifikeje, na niende saa ngapi?

Pita Mto wa Mbu, kisha kaskazini kupitia Selela, kama kilomita 60. Fika asubuhi mapema au jioni: jua likiwa chini, kila ukuta hutupa kivuli na ramani ya mashamba hujichora yenyewe. Saa sita mchana utaona mawe tu. Chukua kiongozi wa kijijini. Anajua kuta zipo wapi nyasi zikiwa ndefu.

Nimeokota kigae au shanga. Naweza kuondoka nayo?

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji unahitaji leseni. Zaidi ya sheria, kigae kilichotoka mahali pake kimenyamazishwa. Piga picha kikiwa chini, weka kitu kando yake kuonyesha ukubwa, kisha kiache.

Shamba langu lina kuta za kale. Nizing'oe?

Swali hili linatoka kwa mkulima wa Engaruka Juu mwenye mahindi, maharage na watoto wa kusomesha, na halijibiwi kwa kumkaripia. Yeye ndiye mrithi wa kweli wa kazi hii, anamwagilia kutoka mto ule ule.

Kwanza, tazama kama ukuta bado unakufanyia kazi. Nyingi bado zinashika udongo, na ukiuondoa, mvua kubwa ya kwanza itakuonyesha ulichokuwa unakizuia. Pili, kama lazima upitishe mfereji, upitishe kwenye pengo lililopo badala ya kukata mpya. Tatu, mawe ya kujengea nyumba yachukue korongoni, ambako mafuriko huleta mengine, usiyachukue kwenye majaruba. Na ukikuta majivu, mbegu nyeusi au mstari wa mawe usioelewa chini ya udongo, simamisha jembe mahali hapo na upeleke habari ofisi ya kijiji ili iwafikie watu wa mambo ya kale kabla ya kuendelea kulima kipande hicho.